Umeme Ulikatika Usiku, Lawama Ikaiangukia Windows

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kuna lalamiko ambalo fundi wa kompyuta hapa Bariadi anaweza kulimalizia kabla mteja hajafika katikati: "Fundi, tangu niwekewe Windows 11, nikiiacha imelala jioni, asubuhi haiamki." Anayesema hivyo ni mwenye steshenari jirani na stendi, au karani wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) anayeandaa orodha za wakulima kabla msimu wa pamba haujafunguliwa, au mwalimu aliyetoka Ngulyati na mashine begani. Jibu analopewa mara nyingi ni fupi: tupige window upya.

Jibu hilo nalipinga. Sentensi ya mteja ni moja lakini inabeba maradhi matatu yasiyo na undugu. Huenda mashine haikulala kabisa, ikakesha mpaka chaji ikaisha. Huenda ililala, ikashindwa kuamka. Au huenda ililala vizuri tu, ikakatiwa umeme ingali usingizini. Asubuhi zote tatu zinaonyesha skrini nyeusi ileile. Kwa mji wetu, hasa kwa kompyuta za mezani zisizo na betri, hilo la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo linalofanya watu wafute mfumo endeshi usio na kosa.

Chukua kompyuta moja ya steshenari, OptiPlex ya mezani yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, ramu ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 128. Chini ya Windows 10 mwenye duka alikuwa akiilaza jioni na mafaili ya wateja yakiwa wazi, na asubuhi anayakuta yalivyo. Baada ya Windows 11 akawa anakuta mashine inawaka kuanzia mwanzo, barua za watu hazipo. Ukimsikiliza, ushahidi wote unaelekea kwa Windows 11: jana ilikuwa nzima, leo imebadilishwa mfumo, kesho imeanza visa.

Kabla ya kugusa chochote, lilifunguliwa daftari la matukio ambalo Windows huliandika yenyewe. Andika eventvwr kwenye sehemu ya kutafuta, kisha uingie upande wa matukio ya mfumo. Mistari iliyotakiwa ilikuwa miwili. Wa kwanza ni tukio namba 42 kutoka Kernel-Power, saa 12 na dakika 47 jioni: mashine inaingia usingizini. Baada ya hapo, kimya. Unaofuata ni wa saa 2 na dakika 11 asubuhi, namba 41: mfumo umewaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Kati ya hiyo miwili halikuwemo tukio namba 1 la Power-Troubleshooter, ambalo huandikwa kila mashine inapoamka, likitaja saa iliyolala, saa iliyoamka na kilichoiamsha.

Wengi wakiona 41 wanatangaza kwamba Windows imekwama. Hapo wanaharakisha. Tukio 41 ukilifungua kwa undani lina sehemu ndogondogo, na mbili zina maana kubwa. BugcheckCode ikiwa 0, mfumo haukuacha alama ya kuanguka kwa kosa la ndani. PowerButtonTimestamp nayo ikiwa 0, hakuna kumbukumbu ya mtu kushikilia kitufe cha kuwashia kwa nguvu ili aizime mashine iliyoganda. Kwenye mashine hii zote mbili zilikuwa 0. Mwenye duka naye alipoulizwa taa ya kitufe ilikuwaje asubuhi, alisema ilikuwa imezima kabisa. Kompyuta ya mezani iliyolala huacha taa ikiwaka polepole na kufifia; taa iliyozima inasema hakuna umeme uliokuwa ukiishikilia ramu. Muuza soda wa jirani akamaliza ubishi: usiku umeme ulikatika, friji yake ilikuwa imeyeyuka barafu.

Hapo swali linabadilika. Haliwi tena kwa nini Windows 11 haiamki. Linakuwa: kwa nini umeme ulikuwa ukikatika zamani na barua hazikupotea?

Tangu mwaka 1996, Intel, Microsoft na Toshiba walipotoa kanuni za ACPI, kulala kwa kompyuta kumepangwa kwa ngazi. Ngazi ya S3 ni usingizi mzito: karibu kila kitu kinazimwa isipokuwa ramu, inayobaki na umeme kidogo ili isisahau. S4 ni kulala fofofo: yaliyomo kwenye ramu yanaandikwa kwenye diski, katika faili liitwalo hiberfil.sys, na umeme unaweza kukatika hata wiki nzima. Kompyuta za mezani za Windows huchanganya hizo mbili. Mashine inaandika kwanza kwenye diski, kisha inalala S3. Umeme ukiwepo, inaamka haraka kutoka kwenye ramu. Umeme ukikatika, inasoma diski na kurudi ilipokuwa. Mchanganyiko huo ndio uliokuwa ukimlinda mwenye steshenari bila yeye kujua, na nadhani hata fundi wake hakuwa akijua.

Amri moja iliutoa ukweli wote. Kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa haki za msimamizi, iliandikwa powercfg /a. Amri hii huorodhesha aina za usingizi ambazo mashine inaziweza na zile isizoziweza, pamoja na sababu. Upande wa zinazowezekana ilikuwepo S3 peke yake. Upande wa zisizowezekana: kulala fofofo hakujawezeshwa, usingizi wa mchanganyiko haupo kwa kuwa kulala fofofo hakupo, kuwaka kwa haraka hakupo kwa sababu hiyohiyo.

Nani alikuzima? Aliyeweka Windows 11. Diski ya GB 128 ilikuwa imejaa picha za pasipoti na nakala za vyeti, na kusasisha kunahitaji nafasi. Njia maarufu ya kupata nafasi ya haraka ni kuandika powercfg /h off, inayofuta hiberfil.sys. Kwa ramu ya GB 8 faili hilo kwa kawaida ni asilimia 40, yaani karibu GB 3.2. Nafasi ikapatikana, Windows 11 ikaingia, na amri ya kurudisha haikuandikwa. Mfumo mpya ulirithi mpangilio huo kama ulivyo. Kosa lilitokea nusu saa kabla ya Windows 11 kufika, lakini kwa kuwa vyote vilifanyika siku moja, lawama ikaenda kwa mgeni.

Tiba yake ilikuwa powercfg /h on, na ilikuwa na kikwazo kimoja ambacho nakitaja kwa sababu kinawakatisha tamaa wengi. Baada ya amri hiyo, powercfg /a bado ilikataa, ikisema aina ya faili lililopo haiwezi kubeba kulala fofofo. Faili hilo lina saizi mbili: pungufu, ya asilimia 20 ya ramu, inayotosha kwa kuwaka haraka tu; na kamili, ya asilimia 40. Likirudi pungufu, andika powercfg /h /type full. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kina ya umeme uhakikishe usingizi wa mchanganyiko umeruhusiwa. Jaribio ni la wazi: fungua barua, ilaze mashine, subiri itulie, chomoa waya ukutani, hesabu dakika mbili, chomeka, washa. Barua ilirudi, kishale kikiwa palepale kilipoachwa.

Fikiria sasa kama ingepigwa window. Faili la kusakinishia Windows 11 linazidi GB 5, na kwa mtu anayenunua bando hizo ni pesa za kuonekana. Draiva ya printa ingetafutwa upya, programu za duka zingewekwa upya. Na ugonjwa ungeonekana umepona, kwa kuwa mfumo mpya huja na hiberfil.sys yake. Fundi angeondoka akiamini Windows ya kwanza iliingia vibaya. Hilo linaniuma kuliko gharama: tiba iliyofanikiwa kwa bahati inazaa fundi atakayefuta mashine ya mtu mwingine wiki ijayo.

Kwa kompyuta mpakato hadithi ni nyingine. Masharti ya Windows 11 kwa upande wa Intel yanaanzia kizazi cha 8, na mashine nyingi za mitumba mikononi mwa walimu na watendaji ni za nyuma ya hapo. Kwa hiyo wengi hawakusasisha mfumo tu, walibadilisha na mashine. Mabadiliko mawili yakaingia kwa mlango mmoja. Mashine ya zamani ilikuwa ya S3. Mpya mara nyingi ni ya Modern Standby, mtindo ulioanza na Windows 8 mwaka 2012 kwa jina la Connected Standby na kupewa jina la sasa kwenye Windows 10. Huo ni usingizi wa mang'amung'amu: skrini imezima, lakini mashine inajiamsha kidogo kidogo kupokea ujumbe na masasisho kama simu inavyofanya. Mwalimu anaifunga Bariadi, anaitia kwenye begi, anapanda basi la Mwanza kupitia Lamadi, na akifika anakuta begi la moto, betri imekwisha, na bando la simu iliyokuwa ikigawa intaneti limepungua.

Hapa amri ni powercfg /sleepstudy. Inatengeneza ripoti inayofunguka kwenye kivinjari, ikionyesha kila kipindi cha usingizi, chaji iliyotumika, na programu au kifaa kilichokuwa kikikataa kutulia. Ushauri wangu kwa anayesafiri ni kuiamuru mashine ilale fofofo kila inapofungwa kifuniko, na kuuzima mtandao wakati wa usingizi pale mpangilio huo ulipo. Kuna wanaopendekeza kubadilisha PlatformAoAcOverride ndani ya rejista ili Modern Standby ifutike. Sipendekezi hilo kwa mashine ambayo BIOS yake haina S3. Windows haiwezi kuumba usingizi ambao mtengenezaji hakuuweka, na utabaki bila usingizi wowote ila wa diski.

Mashine inayojiamsha usiku wa manane nayo ina amri zake: powercfg /lastwake inataja kilichoiamsha mwisho, /waketimers inataja kengele zilizotegwa, na /devicequery wake_armed inavitaja vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha, mara nyingi kadi ya mtandao au kipanya. Kwenye Dell nyingi za mpakato kagua pia BIOS, sehemu iitwayo Wake on AC. Ikiwa imewezeshwa, umeme ukirudi saa 9 usiku mashine inawaka yenyewe, na mwenyewe anadhani imeingiliwa na kirusi.

Neno la kulala likitoweka kabisa kwenye menyu baada ya kusasisha, angalia draiva ya skrini kwanza. Windows ikikosa draiva halisi huweka ya jumla, Microsoft Basic Display Adapter, na hiyo haijui kulaza kadi ya picha. Weka ya mtengenezaji, menyu itarudi.

Wenye mashine za kizazi cha 6 na 7 wana njia mbili za halali: kujiandikisha kwenye masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10, ambayo kwa watumiaji binafsi yanafika tarehe 13 Oktoba 2026, au kuhamia Linux. Wanaohamia walijue jambo hili mapema: fungua dirisha la amri uandike cat /sys/power/mem_sleep. Neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo usingizi unaotumika. Likiwa s2idle na deep ipo pembeni, mashine inaiweza S3 lakini haiitumii, na unaweza kuijaribu kwa kuandika deep kwenye faili hilohilo kama msimamizi. Ikigoma kuamka, kuizima na kuiwasha kunarudisha hali ya awali.

Kwa fundi anayejiandaa kusasisha mashine ya mteja kesho, kazi ya kwanza inachukua chini ya dakika moja. Chomeka flashi, fungua dirisha la amri, andika powercfg /a > E:\kabla.txt, ukiweka herufi ya flashi yako. Ukimaliza kusasisha, rudia amri hiyo uliite faili baada.txt, kisha yaweke mafaili mawili sambamba mbele ya mteja kabla hajalipa.