Rika Bila Usawa: Uhakiki wa Maelekezo ya Kujenga GNUnet

Neno "rika" katika Kiswahili halitaji umri tu. Lataja pia usawa wa watu waliopitia mafunzo pamoja. Kwa hiyo lafaa kufasiria mtandao ambao kila kompyuta ndani yake hutoa na kupokea huduma bila ya kutawaliwa na kompyuta kuu. GNUnet, mradi wa programu huru ulioanza mwaka 2001, ni mtandao wa namna hiyo. Maelekezo ya kuigeuza kutoka msimbo-chanzo, ulioandikwa kwa lugha ya C, hadi programu inayotenda kazi yastahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote: je, humchukulia msomaji kuwa mwanarika?

Kwa muundo, matini hayo ni safi. Kwa miaka mingi yameegemea amri tatu: "configure" huikagua mashine kama ina mahitaji yote, "make" huugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, "make install" huziweka faili mahali pake. Kila hatua huandaa ile inayofuata. Aidha, maktaba za lazima, kama libgcrypt ya usimbaji fiche, zimetengwa na zile za hiari.

Kasoro imo katika yasiyosemwa. Msomaji huchukuliwa kuwa anajua tayari dirisha la amri na mamlaka ya msimamizi wa mashine, na kwamba anasoma Kiingereza. Asiyejua hayo si mwanarika bado. Amesimama nje ya jando.

Hapo kazi ya mfasiri huwa nzito. Amri zenyewe hazifasiriki, maana mashine haijui nyingine. Kinachofasiriwa ni maelezo yake. Kitenzi cha Kiingereza hakibadili umbo, msemaji akiamuru au akisihi. Kiswahili hudai uchaguzi. "Jenga" ni sauti ya mkubwa, "kujenga" haina mtendaji, "ujenge" humstahi msomaji na hukubali sharti: "iwapo ukaguzi umefaulu, ujenge." Umbo hili la tatu ndilo lipasalo matini ya wanarika.

Suala hili si la istilahi tu. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini Kongo kwa majuma yapatayo matatu. GNUnet peke yake haifungui nyaya zilizofungwa. Hata hivyo, tukio hilo laonyesha thamani ya watu wawezao kujijengea vyombo vyao. Leseni huru humpa msomaji wa Bukavu haki ya kuusoma na kuubadili msimbo. Haki hiyo hubaki karatasini iwapo mlango wake umeandikwa kwa lugha asiyoielewa.

Basi orodha za istilahi hazitoshi. Yapasa idara za Kiswahili zifasiri matini kamili, kisha zimkabidhi mwanafunzi aliyeketi mbele ya mashine. Tafsiri ya aina hii ina mtahini asiyependelea: ama programu imejengeka, ama haikujengeka.