Macho ya Umati: Mwanamke katika Mchoro wa Michael Armitage

Mwezi Novemba 2014, jijini Nairobi, mwanamke alivuliwa nguo hadharani na wanaume waliodai kwamba mavazi yake hayana heshima. Wanawake waliandamana kupinga. Kauli mbiu yao, yenye maana ya "vazi langu, hiari yangu", ndiyo jina la mchoro wa rangi za mafuta wa mwaka 2015, "#mydressmychoice", kazi ya Michael Armitage, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984.

Armitage amemlaza mwanamke uchi kwa namna inayotukumbusha Venus wa Mhispania Velázquez, mchoro wa karne ya 17 uliopo London. Lakini Venus amelala faraghani juu ya shuka. Huyu amezingirwa, na juu ya mwili wake twaona miguu tu ya wanaume. Nyuso zao hazimo. Umati hauna sura, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa. Aidha, upande wa mbele umeachwa wazi, nasi tutazamao ndio tunaokamilisha mduara.

Mbinu ya pili ni kitambaa chenyewe. Msanii hakutumia turubai, bali lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba itengenezwayo Buganda, ambako hutumika kuwavika wafu. Matundu na mishono ya lubugo haimezwi na rangi. Hubaki kama makovu. Ndiyo maana rangi zapendeza, ilhali hali ya mchoro ni ya matanga. Nguo iliyopaswa kusitiri mwili imekuwa mahali pa kuufunua.

Hapo ndipo penye udhaifu. Uzuri wa rangi waweza kumstarehesha mtazamaji, naye akatenda lile lile walilotenda wale wanaume. Hata hivyo, kwa maoni yangu, miguu ile hairuhusu starehe hiyo idumu: kila jicho lipandapo juu hukutana nayo, na kujikuta limesimama upande wa pili wa duara moja.

Wahubiri tuna la kujifunza. Katika Mwanzo 9:23, Shemu na Yafethi walikwenda kinyumenyume wakamfunika baba yao bila kumtazama. Je, mimbari zetu, hapa Upare na kwingineko, zimekemea mara ngapi mavazi ya mabinti, na mara ngapi zimewataja waliosimama wakitazama?