Kusoma si Kuimba

Watoto wengi huimba “ba, be, bi, bo, bu” kwa sauti moja, nasi walimu twafurahi. Lakini kipindue kitabu juu chini: wimbo hauvunjiki! Je, huko ni kusoma, au ni ukasuku?

Mwaka wa 1963, huko Angicos katika nchi ya Brazili, Paulo Freire na wenziwe waliwafundisha watu wazima wapatao 300 kwa njia nyingine: kwanza neno la maisha yao, kisha mazungumzo, ndipo silabi zake.

Nasi tujaribu. Andika “kisima”, waulize watoto ni nani ateka maji, kisha waachie silabi zile tatu. Watapata wenyewe “sima”, “siki”, “kima”. Kweli, darasa litapiga kelele. Lakini heri kelele za watafutao kuliko wimbo wa wasiofahamu.