Muziki Uliogeuka Saa

Hapana shaka kwamba Counter-Strike, mchezo wa kompyuta ulioanzishwa na Minh Le na Jess Cliffe mwaka 1999, huchezwa kwa masikio karibu sawa na macho. Katika mashindano, makundi mawili ya watu watano hupambana: moja hutega bomu, jingine hulizuia. Anayekimbia husikika nyayo zake, anayenyata hasikiki. Kwa hiyo kimya nacho ni silaha, na pengine ndicho kilichobuniwa kwa ustadi kuliko bunduki zote za mchezo huu.

Sasa tazama sehemu ya kurekebisha sauti katika Counter-Strike 2, toleo la mwaka 2023. Humo mchezaji anaweza kupunguza au kuzima kila muziki peke yake: wa kuanza raundi, wa bomu lililotegwa, wa mchezaji bora, hata wa kifo. Kwa juujuu huu ni uhuru mkubwa. Lakini kwa mshindani makini uhuru huo una jibu moja tu: zima. Muziki hufunika nyayo, na asiyesikia nyayo hufa.

Ajabu ni kwamba tangu mwaka 2014 muziki huo, uliotungwa na wasanii mbalimbali, umekuwa ukiuzwa kwa wachezaji hao hao. Ni kama kualika bendi harusini, kisha kila mgeni akagawiwa pamba za kuziba masikio.

Upo muziki mmoja ambao wengi huuacha: ule wa sekunde 10 za mwisho. Sababu si utamu wake. Bomu hulipuka sekunde 40 baada ya kutegwa. Kulitegua huchukua sekunde 10, au 5 kwa mwenye kifaa. Asiye na kifaa akiusikia muziki huo kabla hajaligusa bomu, ajue amechelewa, akimbie. Hapo muziki umekuwa saa.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kuidhalilisha sanaa. Sikubaliani nao. Mbiu ya mgambo haikupigwa ili watu wastarehe. Ikilia, kuna jambo. Kosa la watengenezaji si kuruhusu muziki uzimwe, bali ni kuuweka kama pambo mahali ambapo sikio liko kazini. Sauti iliyobeba habari haina haja ya kubembeleza isikilizwe.