Jumapili za Frank Cole

Namba 147,573,952,589,676,412,927 ina tarakimu 21, na ukiitazama huoni pa kuishika. Ni 2 iliyopandishwa hadi kipeo cha 67, kisha ikapunguzwa 1. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliitaja miongoni mwa namba tasa, na neno lake likasimama zaidi ya karne mbili. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kuwa si tasa, ila vigawo vyake hakuvipata.

Alivipata Frank Nelson Cole. Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati mjini New York, alikwenda ubaoni na, inasimuliwa, hakutamka neno. Upande mmoja alikokotoa 2 hadi kipeo cha 67, akatoa 1. Upande wa pili aliandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha kwa mkono, mstari chini ya mstari, chaki ikiisha vidoleni. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi huku ukumbi ukimpigia makofi. Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Jumapili hizo nazihusudu. Cole hakuwa akibahatisha. Kigawo chochote cha namba ile, ukikigawanya kwa 134, sharti kibakishe 1. Kwa hiyo namba nyingi mno hutupwa kabla hazijajaribiwa. Hata hivyo kigawo kile kidogo ni cha 1,445,580 katika safu hiyo, na hakuna mkono wa kuipitia yote moja moja. Basi alichekecha tena, akitumia mabaki ya namba za mraba kuondoa zisizowezekana, na tena, mpaka zikabaki chache za kujaribiwa. Ufundi ulikuwa hapo, katika kujua cha kuacha. Seremala mzuri naye huanza kwa kuzikataa mbao.

Leo kompyuta ndogo huvitoa vigawo hivyo kufumba na kufumbua, na sina ugomvi nayo. Kinachoniuma ni kwamba tumeacha hata kuhakiki. Jibu likishatokea kwenye kioo tunalinakili, tunapita. Walimu wa zamani walifundisha kutupa tisa: tarakimu za kigawo cha kwanza zina jumla ya 37, za cha pili 64, za namba yenyewe 109, zote, ukizidi kuzijumlisha, huishia 1, na 1 mara 1 ni 1. Kipimo hiki hakithibitishi jibu, lakini hunasa makosa mengi, na humfanya mtoto aiguse kila tarakimu. Ni wangapi bado wanaofundishwa hivyo?

Lucas yuleyule, mwaka huohuo wa 1876, alithibitisha kuwa 2 kwa kipeo cha 127, ukitoa 1, ni namba tasa. Ina tarakimu 39. Hakuna namba tasa kubwa kuliko hiyo iliyowahi kuthibitishwa bila msaada wa mashine, na kwa jinsi tulivyoiacha kalamu, simuoni wa kuivuka.