Mnyonyadamu na Mtu wa Jiwe: Mapenzi katika Riwaya za Meyer

Ni desturi ya wahakiki wengi kuzipuuza riwaya pendwa za kigeni kwa hoja moja tu, kwamba ni kasumba. Riwaya nne za Stephenie Meyer, zilizoanza na Twilight mwaka 2005 na kukamilika na Breaking Dawn mwaka 2008, zimehukumiwa vivyo hivyo. Lakini wasomaji hawakuzitupa. Filamu tano zilizotolewa kati ya 2008 na 2012 ziliwaongeza, na Midnight Sun, isimuliayo upya kisa kile kile kwa mtazamo wa Edward, ilipotoka mwaka 2020 iliwakuta wangali wakingoja. Mapenzi ya muda mrefu namna hii hayaelezwi kwa tusi.

Msomaji wa Ndhiwa, kwa mfano, haziendei riwaya hizi mikono mitupu. Kanyamwa ndiko alikotoka Gor wuod Ogada, yule Gor Mahia ambaye husimuliwa kuwa aliweza kujigeuza umbo, na ambaye jina lake lilipewa klabu ya kandanda mwaka 1968. Kiumbe avukaye mpaka wa ubinadamu si mgeni hapo. Wala mnyonyadamu si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Ila mumiani wetu hana mahaba. Katika masimulizi ya Nairobi ya enzi ya ukoloni alivaa sare ya wazimamoto, akachukua damu ya wanyonge, basi. Ulinganisho wa haki uko katika hadithi ya Lwanda Magere wa Kano, isimuliwayo kote Ujaluo.

Edward ni baridi na mgumu kama jiwe. Mwili wa Lwanda ni jiwe lisilopenywa na mkuki. Kila mmoja ana siri, na mwanamke huifikia kwa njia ya mapenzi. Bella huidokezwa kwanza na Jacob, ufukoni, katika masimulizi ya kale ya kabila lake (hapa Meyer, pengine bila kukusudia, anaikiri nguvu ya fasihi simulizi). Mke wa Lwanda, binti wa Wanandi, huipata mumewe anapougua na kumwagiza achanje kivuli badala ya mwili. Damu inatoka kivulini.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Kwa Bella, kujua ni kuzidi kupendwa. Kwa binti yule, kujua ni kulazimika kuchagua baina ya mume na watu waliomtuma, na kila upande una maiti. Je, ni msaliti? Kwa Wajaluo, ndiyo. Kwao angeweza kuitwa shujaa. Meyer naye alikuwa na mgogoro kama huo mkononi. Rosalie hulilia uzazi aliopokonywa, na Bella huonywa kwamba atawapoteza wazazi wake. Kisha, katika kitabu cha nne, hapotezi kitu: apata mume, mtoto na uzima usiokoma, na baba yake haachani naye.

Kisanaa hili ni kosa, tena kubwa. Lakini ndilo hasa liwarudishalo mashabiki. Msichana aliyelelewa akijua kwamba kuolewa ni kuhama, kuiacha nyumba ya mama na kuhesabiwa mgeni miaka mingi, husoma humo arusi isiyodai malipo. Hadithi ya Lwanda haina arusi hiyo. Binti anarudi kwao na habari, na mume anabaki jiwe kando ya mto Nyando.