Msimbo wa Hitilafu au Msimbo wa Dalili?

Miongoni mwa istilahi zinazostahili kupimwa upya ni zile za utengenezaji wa magari yenye kompyuta. Magari hayo yameenea mwambao wa kusini, toka Kilwa hadi Lindi. Taa ya injini inapowaka, fundi huchomeka kifaa cha kupimia, naye husoma herufi moja na tarakimu nne. Je, tuziiteje?

Jina lisikikalo zaidi magerejini ni "kodi". Hatulikatai kwa ugeni wake; plagi, koili na gereji yenyewe vilitoka nje, na leo ni wenyeji. Tunalikataa kwa kuwa nafasi yake imekwisha kukaliwa. Kodi ni malipo ya serikali au ya pango, na mtu akiambiwa kwamba gari lake lina kodi tatu ana haki ya kudhani kuwa anadaiwa.

Jina la pili, lipendwalo na wafasiri, ni "msimbo wa hitilafu". Msimbo tunaukubali. Ugomvi wetu ni juu ya hitilafu, maana neno hilo laahidi jambo ambalo msimbo hauwezi kulitimiza. Tuchukue P0171. Herufi P yahusu injini na giaboksi. 0 yaonyesha kwamba maana ni moja kwa watengenezaji wote. 1 yahusu mafuta na hewa. Na 71 yabainisha kuwa, katika upande wa kwanza wa injini, hewa imezidi mafuta. Hapo kompyuta imeeleza ilichokipima, haikutaja kilichoharibika. Huenda ni mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya mafuta iliyochoka, au sensa ya hewa iliyochafuka. Kadhalika P0301 yasema kwamba silinda ya kwanza haichomi mafuta ipasavyo. Haisemi kama sababu ni plagi, koili, nozeli au mgandamizo hafifu.

Tofauti hii si mchezo wa wanazuoni. Katika gereji moja ya Nangurukuru, penye njia panda ya kwenda Kilwa Masoko, tulimkuta dereva aliyeambiwa kwamba mashine imesema sensa ya oksijeni ni mbovu. Msimbo ulikuwa P0171. Aliagiza sensa Dar es Salaam, akangoja siku nne bila kupakia abiria. Sensa ikafungwa, msimbo ukafutwa, taa ikazimika. Kesho yake ikawaka tena. Kumbe palipopasuka ni mpira wa hewa.

Atakayetupinga atasema kwamba kosa ni la fundi, si la neno. Tena ataongeza kwamba iko misimbo itajayo kifaa waziwazi, kama P0135, uhusuo kipasha joto cha sensa ya oksijeni. Hoja hiyo ina uzito, lakini hata P0135 wazungumzia saketi nzima: waya, fyuzi na sensa yenyewe. Na fundi aliyefundishwa tangu mwanzo kuuita msimbo hitilafu ataamini kwamba amekwisha kuiona hitilafu, aache kuitafuta.

Kwa hiyo twapendekeza "msimbo wa dalili". Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Hawasemi kwamba mawingu ndiyo mvua. Neno hitilafu libakie kwa kile kilichopatikana baada ya uchunguzi. Vilevile tutenganishe "kupima", ambayo ni kazi ya kifaa, na "kuchunguza", ambayo ni kazi ya fundi. Tutenganishe pia "kufuta msimbo" na "kuondoa hitilafu", kwani la kwanza huzima taa tu.

Istilahi hizi zaweza kujaribiwa bila gharama. Karatasi ya kazi ya gereji iwe na safu mbili: dalili iliyosomwa, na hitilafu iliyopatikana. Safu ya pili ikiwa tupu, kisinunuliwe kifaa chochote. Tunawaomba wasomaji, hasa mafundi wa mwambao, watuletee maoni yao.